Nilisema Maji ni Safi

Mtwara, Jumatano

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepunguza kuuma? Ziwani mnapata chochote? Mimi mzima wa mwili, ila moyo hauko sawa hata kidogo. Kwenye simu ningelia tu na wewe ungenibembeleza, ndiyo maana nimeandika.

Tangu mjukuu wa jirani yetu Mzee Mafuru afariki kwa kuhara, sina raha. Ulinieleza kwamba pale msibani watu walianza kunong'ona juu ya kisima, ukawanyamazisha: "Binti yangu mhandisi kayapima, ni safi." Juzi nikamuuliza mama, yale maji ya kisima mliyonitumia kwa basi niyapime, mliyachotaje? Akacheka. "Nilichemsha nikachuja! Hata wageni nawachemshiaga, sembuse ofisi yako? Nikutie aibu kwa mabosi?"

Baba, nilipima maji ya sufuria ya mama. Ya kisima sijawahi kuyapima.

Mama asilaumiwe, nakuomba sana. Kazi ya kumwelekeza ilikuwa yangu. Na hata yangekuwa mabichi, maji ya kupima hayakai siku mbili kwenye chupa ya soda ndani ya basi. Angeniletea mtu mwingine ningeyamwaga mbele yake. Lakini yalitoka nyumbani, nami nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini, nina hamu mno ya kukupa jibu zuri. Nikafumba macho. Ukatangaza kanisani, watu wakaacha kuchemsha. Vile vyoo vya mteremkoni, upande wa juu wa kisima, nimevijua toka utotoni. Mhandisi gani huyo asiyeuliza?

Sijui kama ni maji yaliyomuua mtoto. Ila siwezi kusema siyo. Kuanzia leo mtu asiyanywe bila kuchemsha. Nimeshaongea na watu wa maji Musoma, watakuja kupima wenyewe palepale kisimani.

Nisalimie mama, kaka Masatu na shemeji, na shangazi wa Mwisenge. Kwa Mzee Mafuru usinipelekee salamu. Nikipata ruhusa nitakwenda mwenyewe, nipige magoti.

Jumapili simama palepale uliposimama kunisifu, uwasomee barua hii yote. Najua itakuuma, baba yangu. Jina langu usiliruke.

Ni mimi binti yako,
Nyangeta