Pazia la Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 3 Machi

Vitambaa vimefika arobaini na moja. Kila aliyefiwa analeta mchango pamoja na kipande cha nguo ya marehemu wake, mimi navishona viwe pazia la wodi ya wazazi. Hospitali ya wanawake tunayoichangia ijengwe, yetu wenyewe, ya kuendea kwa miguu! Leo mzee mmoja kaleta mfuko wa aproni ya mkewe, kibiriti bado kimo ndani. Nikamwambia akitoe. Akasema kiache, mwenyewe alikuwa hapendi kuguswa vitu vyake. Tumecheka wote wawili mpaka machozi.

Kipande cha mdogo wangu bado sijakikata. Mama ananiuliza kila siku. Namwambia kazi zimenibana.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kamati, darasani, tumejibana kwenye viti vya watoto. Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, tunamwita Kipaza kwa jinsi asivyobanduka kwenye kipaza sauti. Kasema Jumamosi ya hafla nisimulie tena habari za mdogo wangu. Watu wakikusikia wewe wanatoa, alisema. Kweli wanatoa. Nimeshasimulia mara sita: uchungu ulimwanza, gari likachelewa saa nzima, hospitali mbali, akatufia njiani yeye na mtoto.

Gari likachelewa. Nilisema hivyo siku ya msiba, mama aliponiuliza mbona mlichelewa. Liliniponyoka tu. Sasa kila mtu analo mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwona dereva wa siku ile. Teksi yake ipo pale konani, inang'aa, haina mtu. Wanawake wawili wenye mizigo wakampita wakaenda kungoja gari jingine juani. Mmoja akasema kwa sauti, huyo ndiye aliyemuua binti wa watu kwa tamaa ya abiria. Tamaa ya abiria! Mimi sikusema hivyo — hiyo ni chumvi ya Kipaza. Lakini nilikuwepo akiimwaga, na nikanyamaza.

Acha niandike hapa basi, angalau hapa. Alikuja saa kumi kamili jioni. Akapiga honi. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka humu humu karakana, anahema, anasema, "Dada, twende." Nilikuwa nimebakiza kola kumi na nne za sare za shule, mwalimu anazitaka asubuhi. Nikamwambia, tulia wewe, mimba ya kwanza hiyo, utahangaika mpaka kesho. Nikatoka nikamwambia dereva aende, arudi baada ya saa nzima. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Akarudi dakika ile ile niliyomwambia. Damu ilikuwa imefika kwenye miguu ya cherehani.

Kola zilikuwa zimebaki mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwendea dereva. Nilikuwa nimejipanga, liwalo na liwe. Nikamwambia Jumamosi nitasema ukweli mbele ya watu. Akawa anazungusha funguo kidoleni. Kisha akasema, "Mama yenu amebaki na wewe tu. Ukimwambia hilo, atabaki na nani?"

Halafu likaja la pili. Kumbe Kipaza alishamfuata! Jumamosi apande jukwaani aombe radhi, mimi nimsamehe, watu warudi kupanda gari lake. Na amekubali.

"Lakini hukukosa kitu," nikasema.

"Nina watoto wanasoma, dada. Kuwa na haki tu hakunilishi."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Badala yake kaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kwa mama. Alikuwa anapiga pasi gauni la mdogo wangu, lile la maua, ili nilikate. Nikaanza: mama, ile siku, lile gari — Akanikatiza. Usinitajie yule mtu. Nitamsamehe kwa ajili yako, alisema, maana wewe ndiye uliyehangaika na mwenzio peke yako. Akanipa gauni, bado la moto.

Nikalikata. Mkasi ulikwenda sawa kabisa, pindo halikupinda hata kidogo. Nimejichukia kwa hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Niko chooni, choo cha walimu, naandika daftari likiwa magotini. Nimeomba dakika tano. Uwanja umejaa mpaka kwenye uzio. Pazia limetundikwa, watu wanapita wakitafuta vitambaa vyao, wanavigusagusa. Kipaza katangaza wodi itaitwa kwa jina la mdogo wangu — vigelegele! Mama kasimama, akanipungia mkono kwa furaha, mwaka mzima sijamwona hivyo.

Nilipanga kusema mapema, kabla dereva hajapanda. Wamegeuza ratiba. Kaitwa yeye kwanza.

Namsikia kutoka huku. Spika zinakoroma lakini maneno yanafika. Anasema ni kweli alichelewa. Anasema alimpitia abiria mwingine. Abiria gani! Hakuna abiria! Kajiongezea mwenyewe ili waridhike upesi. Anasema hilo kosa atakufa nalo.

Kipaza ananiita. Sasa ananiita tena. Wameanza kupiga makofi, ya polepole, ya kunitia moyo. Mungu wangu, wananitia moyo!

Nikisema, mama atanitazama vipi kesho asubuhi? Nisiposema, nitapita vipi pale konani? Nimeosha uso mara tatu. Maji yamekatika.

Mlango unagongwa. Ni mama. Anasema toka mwanangu, twende wote, nitakushika mkono. Nimeshika komeo. Anagonga tena, sauti imelegea, nadhani analia.

"Fungua basi, mama," anasema. "Mtoto wa watu kapiga magoti kule jukwaani, amesema hanyanyuki mpaka uje wewe."