Noti Zilizojalidiwa na Baba

Alhamisi, 12 Machi

Nimeapa: humu nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. La kwanza ni zuri. Mwalimu wangu wa piano amenichagua mimi kumgeuzia kurasa mpiga piano mgeni kwenye tamasha la Jumapili! Okestra itaanza na muziki wa Kicheki, wa nchi ya Cheki huko Ulaya, kisha mgeni atapiga nayo kipande cha Kiromantiki, yaani cha mtindo wa karne ya kumi na tisa, cha dakika thelathini na tano. Anashika nafasi ya mwenzake anayeumwa, ndiyo maana anahitaji noti za muziki mbele yake. Mwalimu akaongeza, kana kwamba anazungumzia mvua, kuwa mgeni atabaki hapa likizo nzima ijayo na atafundisha mwanafunzi mmoja. Mmoja tu. Sijamwambia mtu ninavyotamani awe mimi.

Ijumaa, 13 Machi

Mazoezi. Niliambiwa nigeuze akitikisa kichwa. Lakini mama huyu hutikisa kichwa muda wote — muziki ukipanda, ukishuka, hata akiwa amepumzika! Niligeuza kurasa nne kabla hajamaliza ya kwanza. Kondakta wa okestra akasimamisha wapigaji sitini. Mgeni akaniuliza kwa upole kama nina haraka ya kwenda nyumbani. Tukakubaliana: nisimtazame kichwa, nisome noti mwenyewe.

Halafu noti zenyewe. Karatasi zimechanika, zinadondoka hovyo. Nikasema baba yangu ni fundi wa kujalidi vitabu. Akafurahi, akanikabidhi zote. Mimi na mdomo wangu.

Jumamosi, 14 Machi

Baba amefanya kazi kutwa. Jalada gumu jekundu, uti wa kitabu umeshonwa kwa uzi wa nta, herufi za dhahabu. Mama alisema vibanio viwili vingetosha. Baba akajibu kwamba kazi yake itadumu miaka mia. Mimi nimekaa mezani nikijifunza kurasa ambazo bado hajazishona, nikizipiga kwa vidole juu ya kitambaa cha meza.

Jumapili, 15 Machi

Mkono wa kushoto, ninaoandikia, hauna nguvu. Naandika polepole.

Muziki wa Kicheki ulikuwa mchangamfu, wa kuchezesha miguu. Niliusikiliza nyuma ya pazia. Kisha tukatoka. Mgeni akaweka kitabu cha baba kwenye piano, akakifungua. Kikajifunga. Akakifungua tena. Kikajifunga — uti mpya, mgumu, haujalainika! Watu wa mbele wakacheka. Ikabidi nisimame, nikibane kwa mkono wa kushoto. Dakika thelathini na tano! Kwapa langu juu ya pua ya mgeni.

Kwenye sehemu ya polepole, kila mtu kimya, nikageuza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukateleza. PAP! Mpiga tarumbeta aliruka kwenye kiti. Nikafungua — ukurasa si huo. Nikafungua tena — si huo. Vidole vya mgeni vikaanza kusitasita.

“Wapi?” akanong'ona.

Sikujua ni ukurasa gani, ila noti zilikuwa kichwani. Nikainama nikamwimbia sikioni. Mistari miwili mizima! Akazifuata. Nikaupata ukurasa, nikanyamaza, jasho likidondoka juu ya kazi ya miaka mia.

Makofi mengi. Baba alisimama, akamwonyesha jirani yake jalada kwa kidole. Nyuma ya jukwaa mgeni alichukua kitabu, akanigeukia.

“Kesho saa kumi. Uje na baba yako.”

Akafunga mlango.

Jumatatu, 16 Machi

Sikusikia hata somo moja leo. Mwalimu wa piano anasema mgeni hana desturi ya kuita wazazi. Baba ana hakika anaitwa kupongezwa. Amevaa koti lake la harusini. Amebeba sampuli za ngozi, rangi tatu, ili mgeni achague.

Tuko kwenye ngazi za ukumbi, bado robo saa. Baba ananiuliza kama kijani si rangi nzuri kwa muziki. Nimechana karatasi, nikaandika, nikampa mlinzi wa ukumbi, ampelekee mgeni ndani. Naiandika hapa pia, neno kwa neno:

Shikamoo mama. Samahani kwa kwapa. Baba yangu amefurahi sana, nami sitaki afedheheshwe bila kujiandaa. Naomba unijibu sasa hivi, kwa mkono wa mlinzi huyu huyu: umemwita baba kumlaumu kwa kitabu, au kwa ajili yangu, niwe yule mwanafunzi mmoja?