Bunduki ya Karatasi

Jumamosi, 3 Mei

Shimoni tena leo. Risasi thelathini, mita hamsini, kifudifudi. Nane za mwisho zote ndani ya duara jeusi. Kiwiko kimechubuka. Mwanangu Kabula akisikia atasema mama unazeeka vibaya. Aseme.

Bwana Karim kaniambia rasmi kuwa anauza. Yeye ana duka la vipuri vya trekta mjini, la tangu enzi za babu yake, na ndiye aliyeomba kibali cha kulengea shabaha kwenye hili shimo la zamani la changarawe. Sasa ana mtoto wa jicho, duara jeusi analiona kama ukungu. Bunduki yake ndogo, pointi tuu tuu, ile ya risasi nyembamba kuliko zote, anataka niichukue mimi. Anasema nina jicho. Jicho hili limechungulia darubini ya kupimia viwanja miaka thelathini, Geita mpaka Buseresere. Lazima linifae kitu uzeeni.

Najiuliza kama inafaa kumiliki. Haipigi teke bega. Mlio wake ni wa tawi kavu likivunjika. Inakufundisha kutulia, maana ukipumua vibaya karatasi inakusema. Kwa upande mwingine, risasi zake ni mpaka Mwanza. Ganda likishagongwa ukingoni ndiyo basi, halijazwi tena. Zikipata unyevu baadhi haziwaki. Na nje ya karatasi haina kazi. Bwana Karim mwenyewe kasema, "Mama Kabula, hii ni bunduki ya karatasi. Ukitaka ya kazi, usichukue hii."

Naitaka. Nikilala pale nikashusha pumzi, hakuna ujane, hakuna bati linalovuja. Ni mimi na duara tu.

Jumapili, 11 Mei

Nimefanya upumbavu.

Leseni inataka mkutano wa mtaa ukukubali. Nilisimama mbele ya watu, mwenyekiti akauliza bunduki ni ya kazi gani. Nikasema ya mchezo. Kisha Mama Limi, jirani yangu, akauliza kwa nyuma, "Mchezo upi, huu wetu wa Jumatano?"

Huku mwanamke akisema mchezo ni ule mmoja: tunachanga, mmoja anabeba, wiki ijayo mwingine. Mtu akadakia, "Asiyechanga sasa atakoma!" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti alifuta machozi kwa kofia. Nikajaribu kueleza: karatasi, duara, kulenga. Wakazidi. Bibi mzima anapiga karatasi risasi, karatasi imemkosea nini.

Nina miaka sitini na moja. Nusu ya watu wale viwanja vyao nimevipima mimi. Sikuzoea kuchekwa. Mdomo ukanitangulia: "Ya ulinzi. Ya fisi."

Kicheko kikakatika. Baba Limi, mume wa yule yule Mama Limi, akasimama. Ana ng'ombe wengi, na boma lake na ua wangu vimetenganishwa na kinjia tu. Akasema ananidhamini, na kuwa bunduki ya Mama Kabula ni bunduki yetu sote. Wakapiga makofi. Mtendaji wa mtaa akaandika: ulinzi wa watu na mifugo. Nikatia sahihi kwa mkono wangu.

Jumanne, 13 Mei

Nimemsimulia Bwana Karim nikidhani atacheka. Hakucheka. Kasema yeye mwaka ule aliandika kulenga shabaha, wakamzungusha miezi, akavumilia. Kasema nirudi kwa mtendaji nibadilishe neno. "Watu wa huku ukiwaambia kitu mkutanoni, wanakishika."

Nimesema nitakwenda kesho.

Alhamisi, 12 Juni

Alama za vidole. Cheti cha daktari. Mafunzo nimepita bila shida, mkufunzi kaniuliza nilijifunzia wapi. Mgambo, nikamwambia, wewe hujazaliwa.

Kwa mtendaji sijakwenda. Nikibadilisha nitaanza upya, na nitachekwa upya. Basi.

Jumatatu, 21 Julai

Leseni imetoka. Bunduki iko kwenye sanduku la chuma, funguo shingoni. Baba Limi kaja kunipongeza. Kakaa kizingitini, kanywa uji, kauliza inabeba risasi ngapi. Kumi. Karidhika sana. Hakuuliza ukubwa wake nami sikumwambia.

Jumamosi, 26 Julai

Matundu matano, yamegusana. Unaweza kuyaziba yote kwa kifuniko cha soda. Bwana Karim kaisogeza karatasi mpaka puani, akaipapasa kwa kidole. Kasema hajawahi kupiga hivyo hata macho yakiwa mazima.

Nilikuwa na furaha leo. Naandika ili nisije nikakana.

Jumatano, 6 Agosti

Fisi kala mbuzi wawili ng'ambo ya bonde. Watu wanapita kwangu na kunisalimia vizuri kuliko zamani. Wazee wananianza wao. Sijazoea na sipendi.

Nimepita kwa Baba Limi. Ua wa boma lake una pengo, miiba imeoza, mtu mzima anapita bila kuinama. Kila kiangazi hukata miiba mipya mwezi wa sita. Nimemuuliza mbona mwaka huu hajakata. Kacheka. "Miiba ya nini na wewe upo?"

Pale pale ilikuwa nafasi. Neno moja tu: ile haiui fisi. Nikasema kiangazi cha mwaka huu kina vumbi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nilimfuata Baba Limi hadi njiani. Nikamuuliza hali ya ndama wake. Nikarudi nyumbani. Mwoga wewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika jioni.

Alfajiri ulipigwa mwano. Yowe la huku likilia, kila mtu anatoka na alichonacho, asiyetoka anajibu kwa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Lilitoka kwa Baba Limi. Nilikaa kitandani muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi. Nilijua bunduki yangu haiwezi kitu kule. Kisha nikasikia naitwa. Si "njooni", ni jina langu, watu wengi, Mama Kabula, Mama Kabula. Nikafungua sanduku.

Kulishapambazuka. Fisi alikuwa ndani ya boma, mkubwa, amekwisha kumrarua ndama. Wanaume walisimama kando na mikuki yao, wakanipisha. Walinipisha njia kama mwenye kazi yake.

Hatua ishirini hivi. Nikapiga goti. Nikashusha pumzi. Ya kwanza nyuma ya bega, ya pili inchi moja pembeni yake. Nilipiga vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Pale nilipolenga ndipo zilipoingia, na fisi hakuanguka. Alijizungusha akijing'ata ubavu, akaona pengo, akalikimbilia.

Baba Limi alikuwa amesimama kwenye pengo. Ana fimbo tu. Alisogea pale baada ya kusikia mlio, kwa kuwa kwake yeye risasi ikilia mambo yameisha. Fisi alimkamata mkono wa kulia na kumburuta mpaka kinjiani. Wanaume walimwua fisi kwa mikuki, ilichukua muda. Mkono haukuwa mkono tena.

Tumempeleka hospitali kwa gari la kubeba mahindi. Mama Limi alinishika bega njia nzima. Ananifariji mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameukata, chini kidogo ya kiwiko. Chanjo ya kichaa cha mbwa amechomwa. Daktari anasema atapona. Nilisimama mlangoni mwa wodi. Alikuwa amelala. Nimeshukuru kuwa amelala, na nimejichukia kwa kushukuru.

Jumatano, 20 Agosti

Mchezo wetu umekuwa kwa Mama Limi, tumemkusanyia ya hospitali. Nilidhani watanitazama vibaya. Wamenikalisha kwenye kiti chenye mto.

Hawanilaumu. Kumbe lawama ina pa kwenda. Wanasema fisi anayekula risasi mbili asianguke si fisi wa porini, huyo ana mwenyewe. Anayetumwa. Na mwenyewe ni nani? Wakatazamana. Mmoja akataja nyumba ya mwisho kule bondeni.

Ni kwa Bibi Nyamizi. Anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia maana kuni hawezi tena kuokota. Alinisaidia kumzika mume wangu, alilala kwangu siku saba. Mikoa hii tunajua maneno ya namna hii yanaishia wapi: bibi wa macho mekundu anaitwa mchawi, anakatwa mapanga. Na yameanzia kwenye bunduki yangu.

Nilifungua mdomo. Mama Limi akaanza kulia, nikaufunga.

Ijumaa, 22 Agosti

Mtu kamwekea Bibi Nyamizi jiwe lenye uzi mweusi mlangoni, onyo la huku kwa anayetakiwa kufa. Kanionyesha mwenyewe. Hakuuliza ni nini. Alitaka kujua tu kama naona atafute pa kwenda, ana mpwa wake Ushirombo. Anaongea kama anayeuliza bei ya chumvi.

Nimemwambia asiende popote. Nimekwenda kwa mwenyekiti, nimeomba mkutano.

Naogopa. Si sungusungu. Naogopa uso wa Mama Limi.

Jumapili, 24 Agosti

Nimesema.

Nilimkalisha Bibi Nyamizi mbele, karibu na mimi. Nikawaambia fisi alikuwa fisi. Nikawaambia siku ile mlinicheka nami nikadanganya, bunduki ile ni ya mchezo, ni ya karatasi, mwenyewe aliyeniuzia alinionya, na hata mngempiga fisi kwa hiyo siku nzima angeweza asianguke. Nikatoa risasi moja mfukoni nikampa mwenyekiti. Ganda pamoja na kichwa chake havifiki kiungo kimoja cha kidole. Akaigeuza, akampa wa pili, ikaenda mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Ilipomfikia Mama Limi, aliitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo uliyokuja nayo kwa mume wangu?"

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu Mei."

Akaiweka chini kwenye vumbi, polepole, akaondoka. Wengine wakamfuata. Mwenyekiti akasema maneno ya fisi wa kutumwa yaishe, na atakayemgusa Bibi Nyamizi atajibu kwa sungusungu. Kuhusu mimi kasema wataangalia. Bibi Nyamizi akanishika kiganja tukiwa tumebaki wawili.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeikabidhi kituo cha polisi pamoja na risasi zote na leseni. Askari kauliza sababu. Nikamwambia niliombea kazi isiyo yake. Akaandika: mmiliki hahitaji tena.

Nikapita dukani kwa Bwana Karim. Hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema. Tulikunywa chai. Nilimuuliza kama anaona ile bunduki ilifaa kununuliwa. Kajibu kuwa kwa shabaha hajaona bora yake, na kuwa bunduki ile haikuwahi kumdanganya mtu. Kikombe changu sikukimaliza.

Jumatano, 10 Septemba

Wamenitoa kwenye mchezo. Kaja binti mmoja kuniambia, kwa adabu, shikamoo mbili. Marahaba, nikamwambia, wako sawa. Nilipofunga mlango nililia.

Jumapili, 28 Septemba

Mwezi mzima Baba Limi yuko nyumbani na sijavuka kinjia. Leo nimevuka.

Alikuwa nje kwenye kigoda, anajifunza kufunga kamba kwa mkono wa kushoto na meno. "Mwangaluka," nikasema, salamu yetu ya asubuhi. Akaitikia. Mama Limi alinitazama toka jikoni, akaendelea na kazi yake. Hakunifukuza.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalitoka ovyo. Nikasema nisamehe, nikasema niliogopa kuchekwa, nikasema tena nisamehe. Yeye anahangaika na kamba. Nilitaka kumsaidia nikaona nisimguse.

Mwishowe akaiweka chini. Akaniuliza, kweli nilikuwa nalala kifudifudi kwenye changarawe, mtu wa umri wangu, kutoboa karatasi? Nikasema ndiyo. Kila Jumamosi? Kila Jumamosi. Akatikisa kichwa. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza kidogo, halafu ikaacha.

"Ungeshikilia neno lako la kwanza, la mchezo," akasema. "Tungekucheka mpaka jioni. Halafu ningekudhamini vile vile."

Ng'ombe wakaanza kutoka, akainuka kuwahesabu. Nilikaa pale mpaka wa mwisho alipopita, nikarudi nyumbani.