Mama, Nilikukalisha Mimi

Mama,

Wiki mbili baada ya kukuzika, Deo alikuja kutoka Sugar Land, mwendo wa saa nne kwa gari, akakichukua kile kiti chako cha kulalia. Alisema ni kizuri mno kutupwa. Nilimsaidia mdogo wangu kukipakia.

Ulipofika hapa ughaibuni, Euless, siku ya tatu tu uliniuliza jembe liko wapi. Nilicheka. Wewe uliyepanda vilima vya Kasulu na mzigo wa kuni kichwani, nikakwambia, "Umefanya kazi ya kutosha, Mama. Kaa." Deo akanunua kiti. Mimi nikakuwekea runinga, chai kwenye chupa, rimoti mkononi. Ukigusa vyombo nakunyang'anya sponji. Niliona ndiyo mapenzi.

Asubuhi moja ulitoka kutembea peke yako, kando ya barabara ya magari, na kanga zako na raba zangu. Mtu akapiga simu akidhani umepotea, polisi wakakurudisha. Wao walikuwa wapole. Mimi ndiye niliyekufokea mbele yao: "Hapa watu hawatembei ovyo!" Ukanitazama, ukasema taratibu, "Mimi si mgonjwa, mbona mnanilaza?"

Hukutoka tena.

Na kazi yangu unaijua. Kila siku, kule kwenye makao ya wazee, nawainua mama za watu vitandani, nawashika kiuno, tunatembea koridoni, nawasifia hatua moja, hatua ya pili. Najua mtu akikaa tu miguu inavyokwisha. Nalipwa kwa kujua hivyo! Halafu narudi nyumbani nakukuta palepale nilipokuacha, miguu imevimba, nakuuliza kama umekula.

Ulianguka bafuni. Nyonga ikavunjika, ukalazwa, kifua kikajaa, ukaenda. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nikaitikia, huku najua.

Siku ya matanga Mama Gloria, yule Mrundi mzee mwenzako wa ghorofa ya chini, aliniambia ulimwomba mara nyingi mtembee pamoja. Yeye alikuwa anakataa kwa sababu "binti yako hapendi." Wiki iliyofuata nilimgongea mlango mwenyewe. Sasa kila Jumamosi asubuhi tunazunguka maegesho ya magari, mimi na wazee wanne, mmoja na mkongojo. Wananibariki. Baraka zao zinanichoma, Mama. Ulistahili kuwa wa tano.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Deo. Kwenye kiti chako nikamkuta mama mkwe wake, amefunikwa blanketi mchana kweupe. Nikamshika mkono: "Mama, twende nje kidogo."

"Mwache mzee a-relax, dada," Deo akasema.

Nilipiga kelele ambazo sikuzipiga msibani. Nilimwambia tulikuua, mimi na yeye, tena kwa upole. Akanifukuza. Lakini yule mama alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.

Deo hapokei simu zangu. Mkwewe ndiye anayenipigia, kila jioni, kwa sauti ya chini, kuniambia amefika wapi kwa miguu. Jana alifika kwenye masanduku ya barua, akarudi bila kushika ukuta.

Kwaheri, Mama. Sikuombi unisamehe upesi. Ninachokuahidi ni kimoja: huyu akipiga, nitapokea, na siku miguu yake itakapokataa nitaendesha gari hadi huko, Deo afungue asifungue.

Mwanao,
Veneranda