Shule ya Kwanza ya Latifa

Mjukuu wangu Rehema,

Nakusalimu kutoka Mambrui, wewe na mumeo na kitukuu wangu Latifa. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Goti la babu yako limepata nafuu, sasa anakwenda msikitini bila fimbo.

Umeniuliza Latifa aanze shule ipi hapo Mtwapa, ile ya madaftari au ile ya michezo. Najua unaogopa kumkosea mtoto. Nami niliogopa hivyo hivyo nilipokuwa msichana, nikifundisha chekechea hapa.

Siku moja wazazi walikuja kutusikiliza. Zuhura, mtoto wa miaka minne, alihesabu hadi hamsini bila kukwama, nikapigiwa makofi. Kisha mamake akamwambia, "Haya mwanangu, tuletee vikombe vitatu." Zuhura akaleta vyote vilivyokuwa mezani. Watu wakacheka, naye akajificha nyuma ya buibui la mamake akilia. Aibu ilikuwa yangu, si yake.

Kesho yake nikamwomba anisaidie kugawa vikombe vya uji, kila mtoto chake. Alikosea, akarudia, nami sikumharakisha. Alipomaliza alinitazama akasema, "Mwalimu, wewe huna." Nilifurahi kuliko siku ya makofi.

Basi, mama, nenda ukae kidogo katika kila shule. Usishughulike na kuta zilivyopambwa. Ngoja mtoto mmoja akosee, kisha umtazame mwalimu usoni. Hapo utajua pa kumwacha Latifa.

Akupendaye,
Bibi yako Mwanakheri