Nyimbo Arobaini na Moja za Mama

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima na zamu za hospitali hazikumalizi. Mimi mzima, ila mgongo hunikumbusha kwamba mimi na cherehani tumezeeka pamoja.

Nina balaa. Kompyuta uliyoniachia hapa kwenye chumba cha kushonea inapiga muziki kama kawaida, lakini nyimbo za mama yako hazimo. Zote arobaini na moja, zile ulizomrekodi akiimba huku akipiga pasi, mwaka wake wa mwisho. Fundi simu wa jirani alitazama akasema zimefutika, nishukuru nyingine zimebaki. Nisaidie, mwanangu, sina nakala nyingine.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, ila tangu nisome barua yako sijatulia. Nakala yangu ilikwenda na simu niliyoibiwa, kwa hiyo zilizoko huko ndizo pekee.

Usifute kitu, na huyo fundi asiguse tena. Programu ya muziki inaonyesha orodha tu. Nyimbo zenyewe zinakaa kwenye folda. Fungua folda niliyoiandika "Mama", utazame kama zimo. Halafu niambie ulibofya nini kabla hazijapotea. Sema ukweli, sitacheka.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo nafuu. Zimo! Nimezihesabu mara mbili, nikakaa chini nikapumua. Lakini programu bado haizioni. Nimeiambia ipekue folda upya, ikasema imemaliza, wapi.

Kuhusu kubofya, ni hivi. Orodha ilikuwa imejaa makelele aliyoyapakia mdogo wako akayaacha bila kuyapiga, nikitafuta wimbo napotea. Wewe unanijua, kitambaa nisichokigusa hakikai mezani kwangu. Nilipoona pale juu pameandikwa "zilizosikilizwa tu", nikabofya. Orodha ikapungua, nikajiona mtaalamu.

Baba yako

21 Machi

Shikamoo Baba yangu,

Natumaini mgongo umepoa. Nilisema sitacheka, nimecheka. Kisha nimelia.

Hicho ulichobofya ni kichujio. Kinaficha kila wimbo ambao haujawahi kupigwa kwenye hiyo kompyuta. Kibofye tena, kitazimika, na nyimbo zitarudi zote. Programu haina kosa lolote.

Lakini Baba, maana yake hujawahi kumsikiliza hata mara moja, miaka yote mitatu tangu atutoke. Sikulaumu. Mimi nilikuwa naye kwenye simu kila siku na sikumfungua, mpaka simu ikaibwa.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu tele. Mimi mzima, mzima kabisa.

Nimekizima, zimerudi zote. Ni kweli ulivyosema. Niliogopa kwamba nikimsikia sitaweza kushona tena.

Jana mchana nilifunga mlango. Mteja wa suruali aligonga mpaka akachoka akaenda zake. Nikapiga wimbo wa kwanza. Kabla hajaimba anasikika akikuambia, "Hilo dude limeshaanza? Mwambie baba yako asiburute kiti." Na kweli, mwanangu, kiti kinaburutwa. Nilicheka peke yangu mpaka miwani ikalowa. Baadaye nikafungua mlango, nikaimaliza ile suruali.

Nakala zako nimempa mdogo wako akutumie. Halafu nimekiwasha tena kichujio, safari hii makusudi. Orodha imepungua kama ilivyokuwa, ila sasa mama yako yumo, wimbo mmoja. Nyingine arobaini nitaziongeza taratibu, sina haraka.

Baba yako