Njoo na Timazi Yako

Bwenini, Jumapili mchana

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepata nafuu na kikohozi cha vumbi kimehamia kwa jirani. Mama nampa shikamoo yake peke yake, asigawiwe ya kwako. Dada mwambie zile suruali alizosema nitazimaliza kwa kukaa, sasa nazimaliza magotini.

Mjomba alifika Alhamisi. Ujumbe wako ameufikisha wote, na ile sehemu ya kunivuta sikio ameifikisha kwa vitendo. Amesema umesikia tunajenga madarasa, na unaniamuru niweke mwiko chini nirudi kwenye vitabu, la sivyo utakuja mwenyewe kunichukua. Nimekusikia, Baba. Sasa nisikie na mimi, kisha unitukane kwa mpangilio.

Shule ilihitaji madarasa mawili. Mwalimu mkuu akasema tutayajenga wenyewe, asubuhi masomo, mchana kazi, chini ya fundi wa kweli, na atakayefuzu, fundi huyo atamchukua awe mwanagenzi wake, ajifunze kazi kwake. Basi ile hesabu ya pembetatu iliyonifanya nirudie kidato mara mbili, nimeielewa nikiwa nimeshika kamba ya kupimia msingi. Mwalimu wa hesabu aliponikuta nikiwaeleza wenzangu, alinigusa paji la uso kuangalia kama nina homa.

Fundi mwenyewe ni mama mmoja mfupi, sauti kama tingatinga. Tunamwita Mama Pimamaji kwa kile kipimo chake cha usawa asichokiachia hata akila. Siku ya kwanza nilimwambia asijisumbue na mimi, ujenzi uko damuni. Akanipa ukuta. Nikaujenga kwa mbwembwe, mbinja mdomoni. Akaja, akautazama, akauliza mimba hii ya miezi mingapi. Akausukuma kwa mguu, ukalala. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajenga wa pili, akaulaza. Wa tatu aliusukuma akaumia kidole.

Ndipo akanipa kona. Kona unaijua wewe, Baba: uzi wa kuta zote hufungwa hapo, ikidanganya kona, nyumba nzima ni mwongo. Nilikuwa katikati ya kazi aliponisimamisha. Akauliza mbona naandika kwa kulia lakini mwiko naushika kwa kushoto, na mbona kila tofali naligonga mara mbili kwa mpini, kisha naliwekea kiganja kama nabembeleza mtoto. Nani kanifundisha? Nikamjibu kwamba fundi hafundishwi, huzaliwa.

Uongo mtupu. Kaa chini kidogo, Baba. Zile likizo ulizokuwa ukinichukua kazini, ukanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yako na kuniambia nisome nisije nikawa kama wewe, sikusoma hata ukurasa. Kitabu kilikuwa pazia, macho yangu yalikuwa kwenye mikono yako. Na kwa kuwa nilikuelekea, nilikuiga kama mtu anavyoigwa na kioo; ndiyo maana mwiko wangu umehamia kushoto. Mdomo wako ulikuwa unanikataza, mikono yako inanifundisha. Mmoja wao nimemtii.

Najua kwa nini unakataa. Siku ile tulipoomba maji kwenye nyumba uliyoijenga tangu msingi, mwenye nyumba alituambia tuzungukie mlango wa nyuma tusimchafulie sakafu. Sakafu uliyoimwaga wewe! Ukanishika mkono, tukazunguka. Ukaapa mwanao hatashika mwiko. Mimi siku hiyohiyo niliapa kwamba nitaushika, na nyumba nitakayoijenga nitaiingia kwa mlango wa mbele.

Basi siachi. Na lingine hili hapa: nimeshamkubalia Mama Pimamaji. Shule ikifunga sirudi nyumbani, nabaki naye kama mwanagenzi wake. Ndiyo, bila kukuuliza. Kasirika, lakini kasirika ukiwa njiani.

Maana Jumamosi madarasa yanafunguliwa, na wazazi watakalishwa kwenye viti. Kona yangu ni ya kulia ukiingia. Nimeomba isipigwe plasta kwanza mpaka uione. Njoo na timazi yako, uining'inize hapo mbele za watu wote. Ukikuta kona imepinda hata unene wa ukucha, nitabeba sanduku langu nikufuate nyumbani nikasome mpaka macho yatoke. Ikisimama wima, timazi unaniachia.

Nisalimie nyumba nzima, na Mjomba mwambie sikio limepona, asije kulikagua.

Ni mimi mwanao, mkaidi kama aliyenizaa,
Fundi Kona

Nilisahau: ukifika kwenye mlango wa mbele, usifute viatu. Sakafu nimeimwaga mimi, na nimeruhusu.